Kifungo cha Sitini

Nesi wa Kitete hakunificha:
"Sukari imepanda, mama Nyanso. Dawa ni hizi,
na dawa nyingine ni miguu yako."
Nikaitazama. Miguu ya fundi cherehani,
miaka thelathini inakanyaga pedali
na haijafika hata sokoni.

Nyanso akanitumia simu kutoka Mpanda,
ndani yake kijitu kinachotembea
na namba chini ya nyayo zake.
"Elfu sita kwa siku, mama. Na mimi huku naziona."
Siku ya kwanza: elfu moja mia nane na kumi na mbili,
na humo nimetia safari zote za chooni.

Siku ya tatu shetani alinifundisha.
Nikachana utepe wa kitenge,
nikaifunga simu kifundoni,
nikakaa kushona sare za shule, marinda tupu.
Pedali inapanda, pedali inashuka,
kijitu kinakimbia kama kimeiba kuku.
Jioni: elfu kumi na moja!
Nyanso akapiga, sauti imelowa furaha,
akanirushia na vocha.
Michembe ya usiku ule haikupita kooni.

Alfajiri nikakiri.
Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanyamaza.
"Baba naye alikuwa akimdanganya daktari," akasema.
Basi.
Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa nalo.

Tangu hapo sare nazipeleka mwenyewe.
Mgalula wa bodaboda amenuna pale kona:
"Fundi, nimekukosea nini?"
Isevya hadi Kanyenye,
mchanga unaingia kwenye kandambili, unatoka, unarudi.
Nimejua kwamba reli ina harufu yake,
na kwamba mlango wa Kalunde ni wa bluu,
Kalunde niliyemshonea gauni la harusi
na mazazi, na matanga.
Viuno vya mji huu navijua kwa inchi.
Mji wenyewe sikuwahi kuupima.

Siku nyingine sitoki.
Mvua, au uvivu mtupu usio na kisingizio.
Kijitu kinasimama kwenye mia nne kinanitazama,
nakifunika na kitambaa.

Kisha umeme ukakatika siku mbili, simu ikafa.
Nikamimina vifungo mfuko wa kushoto, sitini kamili,
kila hatua mia kimoja kinahamia kulia.
Vya shati, vya blauzi, viwili vya dhahabu bandia,
na kile kikubwa cheusi cha koti la marehemu.
Hicho nilikiacha kiwe cha mwisho,
kinivute.
Nikacheka peke yangu njia ya stesheni:
wengine hutumikia kifungo,
mimi navitumikia vyote sitini, tena kwa miguu.
Vijana wawili wakapisha,
wakidhani mama kachanganyikiwa.

Umeme umerudi. Vifungo sijaviacha.
Simu huhesabu hata nikiipungia mkono jirani;
kifungo hakijui uongo,
au tuseme, kikidanganya nimedanganya mimi.

Leo nimefika mlangoni, giza limeshika,
natia mkono kushoto: kimebaki kimoja.
Kikubwa. Cheusi. Kina uzi wake bado.
Ugali unanukia, goti linalia.
Nikageuka, nikaanza kuizunguka nyumba,
moja, mbili, tatu,
macho chini nisijikwae.

"Mama Nyanso," Wande akaita toka uani kwake, "umepoteza nini?"
"Mia," nikajibu, pumzi zimekatika.
"Shilingi mia? Ngoja nije."
Akaja na tochi, maskini, na khanga ya kulalia,
akainama, akamulika mchanga,
akaninyatia nyuma nyumba nzima.
Arobaini na saba. Arobaini na nane.
"Iliangukia upande gani?"
"Twende tu," nikamwambia, "tutaikuta mbele."