Mdundo wa Pili

Gurudumu lilifika kabla yake,
kwapani mwa mkalimani anayetweta:
spoki tatu zimekatika, ukingo umepinda
kama sinia lililokaliwa.
Wadi Kabir, saa nane mchana,
Oktoba isiyojua kuwa ni Oktoba.
Nikauliza, baiskeli ya nani hii?
Akasema, miguu ya mtu.

Kisha akaingia mwenyewe, katika kiti cha kuazima
cha hoteli, kinacholia kila kikizunguka:
Igarashi Tomoe, miaka hamsini na tisa,
viganja vyake vina sugu kuliko vyangu,
na mimi ni fundi tangu Bujumbura.

Mkalimani akihadithia, mimi nakaza waya.
Kwamba zamani, mjini kwao, klabu ilimkatalia:
matairi yataacha weusi uwanjani.
Basi akaja alfajiri na ndoo na kitambaa,
akacheza na ukuta, akafuta, akaenda zake kazini.
Miaka minne.
Ukuta haukumshinda, wala haukumpa mkono.
Kwamba mechi yake ya kwanza ng'ambo
aliichezea kiti cha hospitali
chenye namba ya wodi mgongoni.
Na vikombe je? Akacheka:
vingine amepandia vitunguu.

Nikauliza nililotaka kuuliza:
mbona magurudumu yamelala hivi,
juu yamekaribiana, chini yametanuka,
kama ndama anayejifunza kusimama?
"Ili nigeuke," akasema, "kabla mpira haujaamua."
Na mpira kwao huruhusiwa kudunda mara mbili.
"Watu hudhani ni huruma. Ni muda tu.
Nao humfaa aliyekwisha kuanza kwenda."

Alitoa riali, nikazirudisha.
Akaniachia mpira mmoja, manyoya yamemwishia.
Sikumwambia kwamba mlalo ule
nimeupima kwa uzi,
nikapiga fundo, nikautia mfukoni.

Sasa ni Machi. Uani kwetu, Amerat,
dada yangu Thuwaiba, ambaye dirisha lilimzoea,
anatukana kwa lugha tatu.
Kiti nimekichomelea mwenyewe; kinavuta kushoto.
Ukuta ni wa jirani. Bi Zuwena
amekuja mara mbili kulalamika,
mara ya tatu kaja na mkeka na birika.

Mpira unagonga, unarudi, unadunda.
Nimeacha bomba likimwagika, nasikiliza.
Unadunda tena,
na matairi yamekwisha kuondoka.