Simu ya Lari Mia Mbili na Sitini

Zaza alikuwa ameipanga biashara yake juu ya kioo,
simu kumi na moja, zote zimelala chali
kama wagonjwa wanaomngoja daktari.
"Hii ina kamera nne, mama."
Nikamwambia, mimi sina nyuso nne.

Mimi ni fundi wa piano. Kazi yangu
kupatanisha nyuzi zilizogombana tangu enzi ya Wasovieti
katika shule za milima ya Racha,
huko ambako mtandao huja kama mgeni asiyempenda marehemu:
husimama mlangoni, huaga mapema.
Nataka ramani inayokaa ndani,
niishushe nyumbani, Kutaisi, kwa waifai ya jirani,
nikishafika kule isiombe ruhusa ya mnara wowote
ili kuniambia daraja liko wapi.

Zaza akahesabu sifa. Mimi nikahesabu noti
kwa vidole, mkoba ukiwa umefungwa.

Ya kwanza inang'aa, lakini haina tundu la kadi;
gigabaiti thelathini na mbili, na nusu yake
imeshakaliwa na wapangaji nisiowajua.
Ya pili, betri imevimba tumbo.
Nikairudisha polepole, kama mtoto wa mwenyewe.
Ya tatu nikaitoa nje, mbele ya duka la jibini,
nikauona uso wangu mahali pa barabara.
Auziwaye kivulini hulilia juani.

Ya nne ni nzito, nyeusi, ina ufa pembeni
uliopinda kama mto Rioni kwenye daftari la mwanafunzi mvivu.
Betri siku mbili: Zaza aliapa kwa mama yake.
Setilaiti iliinasa baada ya sekunde arobaini,
nilizihesabu kwa kisigino, na kisigino changu hakikosei.
"Lakini," akasema, sauti ikamshuka nusu noti,
"haina dira. Ukisimama haijui umetazama wapi.
Mshale wake huamka ukitembea.
Yenye dira ni mia nne na thelathini."

Nikanyamaza.

Miaka ishirini na sita Vazha aliendesha, mimi nikifuma soksi.
Yeye alizijua kona zote
kwa majina ya waliopinduka pale.
Mimi nilijua kwamba mwishowe atasema, "Tumefika."
Machi hii, safari ya kwanza bila yeye,
nilisimama kwenye njia panda ya ukungu,
nikakaa saa nzima ndani ya gari, waipa zikifuta,
zikifuta,
kwa kuwa kulia na kushoto kulikuwa na miti ileile.
Watoto wa Ghebi walinisubiri hadi jioni,
kisha wakaimba bila piano.

Nikalipa mia mbili na sitini.
Zaza akaniongezea kava la zambarau, bure,
rangi ambayo hakuna mwingine angeichukua.

Jumanne, kupita Oni, njia panda ileile.
Ukungu uleule; nadhani ulinitambua.
Nikashuka, simu mkononi:
nukta ya buluu, imetulia,
mimi kamili, mahali pangu kamili,
na sielekei popote.

Nikapiga hatua kushoto. Mbili. Tatu.
Ya saba, mshale ukazinduka,
ukajigeuza, ukaniambia waziwazi
kwamba Ghebi naipa mgongo.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, pale mlimani.
Kumbe ilinitaka nikosee kidogo
ndipo ipate cha kusahihisha.
Hata uzi wa piano, mwanangu, hauuweki sawa
kabla hujaupiga ukausikia unavyokosea.

Nikarudi garini, nikashika kulia.
Betri: asilimia themanini na moja.
Kwenye kiti cha pembeni zile soksi,
ya pili bado haina kisigino.