Si Lazima Uje

Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri,
Yadviga huegemeza baiskeli kwenye ukuta wetu
hapa Hombolo, akapangusa vumbi, akafungua daftari.
Ametoka Polandi. Hupima maji ya visima kwa vichupa,
na ofisi yake ya Dodoma mjini hudai ripoti kwa Kiingereza.

Kiingereza changu nilikipata chuoni Mpwapwa,
kwa chaki na kwa woga. Ndicho ninachomuuzia,
elfu tano kwa saa, na mayai akikumbuka.

Nilimpa zoezi: andika yasiyo budi, ya kila siku.
Akaandika: lazima nichemshe maji. Lazima nioshe chupa.
Lazima nimpigie mama simu kabla hajalala.
Nami, kalamu nyekundu mkononi, nikawa nahesabu yangu:
foleni ya bomba kabla ya jogoo,
mchango wa madawati, dawa ya presha ya mama mkwe,
mizabibu ya Ndahani inayodai kupogolewa,
na Ndahani mwenyewe, yuko Morogoro tangu masika.

"Kwetu," akasema, "lipo neno lisilo na mwenyewe.
Si mimi, si wewe. Linadai tu."
Nikamwambia nalijua: inabidi.
Hiyo *i* ya mbele, miaka arobaini naitafuta
niiulize ni nani anayenituma.

Ijumaa akanitumia ujumbe kwa Kiingereza, nione anavyojikaza:
kesho anapika chakula cha kwao,
halafu maneno matatu
yaliyonisimamisha na mwiko mkononi:
ni marufuku uje.

Sikwenda. Nani angekwenda?
Kitenge nilichokipiga pasi nikakirudisha sandukuni.
Nikasonga ugali wa uwele, nikachemsha mlenda,
nikamwambia mama mkwe: wale heshima yao ni ya usoni.

Jumanne akaja na sufuria ya supu ya bitiruti,
mafuta yameganda juu.
"Nilikungoja mpaka taa ya sola ikazima."
Nikampa simu. Akasoma. Akasoma tena,
masikio yakashika rangi ya supu.
Kwao ukilikanusha neno lile, unamfungulia mtu kamba.
Kwa Waingereza ukilikanusha, unambamizia mlango.
Alitaka tu kusema: ukichoka, usijali.

Sikutafuta ubao. Nikaandika vumbini kwa kijiti:

si lazima uje
lazima usije

"Itazame hiyo *si*," nikasema. "Imehama nyumba tu,
nami nikalala na mlenda."

Tukaipasha moto. Ilikuwa tamu kwa namna ya udongo.
Alipotoa elfu tano nikamwambia, leo si lazima.
Akasita, noti hewani, midomo ikitembea,
akiitafuta *si* imekaa wapi.

Nje bomba likaanza kukohoa.
Nikachukua ndoo. Naye, bila kuambiwa, ya pili.