Bawabu wa Majina

Saa nane usiku, Februari, mji wa Tartu.
Simu ya Hilja inatetemeka kando ya sufuria:
hospitalini, skrini ya wodi imegoma.
Ujumbe ni mmoja, mkavu kama kigaga:
Thamani haipo.

Haipo wapi?
Ni kama mtu akupigie hodi, aseme "kuna msiba,"
kisha ageuke aende zake.

Hilja anavuta kiti. Jiko lake liko Mtaa wa Viazi,
unaokatiza Mtaa wa Maharage
(wenyeji waliipa mitaa majina ya walichopanda).
"Mama alisambaza barua hapa miaka thelathini," anasema.
"Jina bila nyumba alilirudisha posta,
hata kama bahasha ililowa machozi.
Hebu ipe mashine adabu ya tarishi."

Basi nikaandika. Vidole baridi, Javaskripti tupu:
kila tukishuka ngazi moja ndani ya data
tuokote jina la ngazi, tuliunge kwenye uzi.
Jina la kwanza liende peke yake,
nani huanza sentensi kwa nukta?
Namba ivae mabano ya mraba tu;
tatu ni wodi ya nne, maana mashine huanzia sifuri
na hilo tumelizoea, kama theluji kwenye kola.
Jina safi: nukta, halafu jina.
Jina lenye mwanya katikati, au kistari,
au lililotanguliza tarakimu kama mlevi aliyevaa shati kinyume,
hilo mabano, na alama za nukuu pande zote.
Na nukuu ikijificha ndani ya jina lenyewe
itangulizwe mshazari uliolala nyuma,
isije ikafunga mlango mwenyewe hajapita.

Nikabonyeza. Ikatoka:

haigla.palatid[3]["õde"]["telefon öösel"]

Hilja akasonya.
"Hospitali, sawa. Wodi, sawa. Simu ya usiku ina mwanya, ifungwe.
Lakini õde kafanya kosa gani?"

Nikatazama. Mlangoni nilikuwa nimeweka bawabu
anayejua a hadi z, basi.
Herufi ishirini na sita, za watu wengine.
Õ alisimama nje na kiwimbi chake kichwani,
õde, dada, na pia muuguzi,
neno moja kwa wote wawili, kama watu wasemavyo sista.
Lugha ya mashine ilishamkubali zamani.
Aliyemkataa ni mimi,
mimi niliyefundishwa na bibi kuitamka õ
kama mtu aliyekanyaga barafu pekupeku.

Nikamfukuza bawabu. Nikaajiri mwingine
anayeuliza tu: hii ni herufi, au si herufi?

haigla.palatid[3].õde["telefon öösel"]

Hilja akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata,
pole pole, kama anayesoma bahasha chini ya taa ya mtaani.
Kumbe mchana mtu alisahau kujaza namba ya simu.
Hilo tu.
Akapiga simu ya mezani ya wodi. Ikaita mara saba.
"Õnne anaongea," ikasema sauti yenye usingizi, "nani mwenzangu?"

Saa kumi. Hilja akabandika viazi.
"Viazi, Mtaa wa Viazi," nikasema.
Hakucheka.
Akanisogezea chumvi,
akauliza kama jina tupu, lisilo na herufi hata moja,
nimelifikiria.

Sikuwa nimelifikiria.