Morita Moja

Darasa la sita niliwafundisha hivi:
treni imetoka Moshi saa mbili kamili asubuhi,
inakwenda kilomita arobaini kwa saa.
Itafika Korogwe saa ngapi?
Wakatafuna kalamu. Aminieli, mwanangu, dawati la nyuma,
akanyoosha kidole: "Mwalimu, Same itasimama?"
Nikamjibu, kwenye hesabu treni haisimami. Kaa.

Nilipostaafu shule ilinipa tufe lake,
limebonyea penye Brazili.
Naliweka mezani, kando ya kibuyu.
Gumba nalibandika hapa, chini ya mlima,
shahada naivuta mpaka Amsterdamu.
Inafika. Morita moja.
Ukucha tu ndio unaolowa baharini.

Kilomita elfu sita na mia tisa.
Angani saa nane na nusu, anasema, na usingizi katikati.
Nagawanya: mia nane na kumi na moja kwa saa,
na mkia wa desimali.
Kwa mwendo huo ningetoka Machame nikafika Moshi sokoni
maziwa niliyoyaacha jikoni hayajapata hata utando.
Jibu ni sahihi. Nimelipigia mistari miwili.

Ila sijui niiandike wapi
ile miezi saba ya kupanga foleni na bahasha ya kaki,
na shamba la tambarare tuliloliuza
(kihamba hapana, kihamba hakiuzwi),
na baba yake, aliyezikwa Alhamisi
simu ikiwa imeegemezwa kwenye shada la maua
ili mtoto aone.
Miaka kumi na mmoja. Naibeba juu ya makumi,
juu ya mamia, haina safu ya kukaa.

Halafu kuna hili la saa.
Kwetu saa moja ni jua kutoka, hata kuku anajua.
Kwao, Desemba, jua hutoka saa tatu kasorobo;
karibu saa mbili nzima hazina mwenyewe.
Humo ndimo anamoamkia kazini,
humo ndimo ananipigia, sauti ya chini,
kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Jana alisema: mama, si mwaka huu. Tiketi imepanda.
Nikasema, haya, baba.
Mshare ulishakatwa; nimegawa kwa majirani.

Usiku ndege imeshuka upande wa KIA,
taa mbili, kisha moja, kisha migomba ikaificha.
Nimeingia ndani, nimefungua sanduku la madaftari.
Lake lipo. Mende wamekula pembe.
Ukurasa wa treni, chini ya jibu, kwa herufi za kitoto:
*kama haisimami, wa Same watashukaje?*
Na kosa langu jekundu, kubwa, la mwalimu kijana.

Kalamu imekauka. Nimeilamba ncha,
nimelikata lile kosa,
nimeweka vema.