Hali ya Mwanafunzi

Chuo kizima kilitoka Omdurman
ndani ya ndoo ya unga wa mtama:
diski mbili, kila moja kama mche wa sabuni,
zimeviringwa mtandio, zimefungwa uzi.
Sitana, karani wa usajili, aliikalia ndoo hiyo
siku nne juu ya lori la kondoo.
Vizuizini askari walichovya mikono ungani
hadi kwenye kifundo, wakakung'uta, wakasema pita.
Mmoja alichovya hadi kwenye kiwiko.
Huyo alikuwa na njaa tu.
Alichota kofia tele, akaenda zake.

Majengo yalibaki kule. Maktaba iliungua siku ya tatu;
waliopita kwa miguu wanasema
majivu ya sheria na majivu ya tiba
yaliangukia nyua za watu bila kubaguana.

Sasa chuo ni chumba Port Sudan,
juu ya duka la vipuri vya feni,
na duka lenyewe halina feni.
Paneli moja ya jua, betri moja yenye deko.
Kwenye joto la adhuhuri Sitana huipepea kompyuta kwanza,
halafu ndiyo ajipepee.
Mhadhara wa Profesa Nafisa hukatwa vipande
vya dakika tatu tatu, sauti bila sura,
maana bando la Kairo si bando la kambini Adré,
na kule Adré kuna binti kwenye foleni ya maji,
dumu mkono huu, simu mkono huu,
ananong'ona majina ya mifupa
ya mkono ulioshika dumu.

Wafadhili wana jina lao kwa haya: mageuzi ya kidijitali.
Sitana anasema, tumehama.

Kinachomkosesha usingizi ni kisanduku kimoja.
Kwa kila jina mfumo unauliza HALI YA MWANAFUNZI,
na majibu ni manne, chagua:
Anaendelea. Ameahirisha. Amehitimu. Amefariki.
Hakuna pa kuandika: alitoka kununua mkate.
Hakuna pa kuandika: simu yake iliita miezi mitano
bila kupokelewa,
halafu Septemba ikaacha kuita.
Majina elfu kumi na moja na ushee.
Wachache amewabofya kwenye jibu la nne,
pale mzazi alipotuma picha ya kaburi,
na kila mara alinawa uso kabla ya kubofya.
Waliobaki, wote, amewaacha wanaendelea.
Mtaalamu mmoja akapiga simu kutoka ng'ambo:
takwimu zako, mama, ni chafu.
Njoo uzifue, akamwambia.

Jana saa nane usiku likaingia faili.
Muzamil Tirab, Uhandisi wa Maji, mwaka wa tatu,
zoezi la pili,
lililotakiwa tarehe kumi na sita Aprili,
Aprili ile.
Kurasa tano za penseli
nyuma ya maboksi ya biskuti za msaada,
zimepigwa picha kwa simu yenye ufa,
na ufa unapita katikati ya kila mlinganyo.
Hakusema yuko wapi. Aliandika:
Samahani kwa kuchelewa.

Mfumo nao haukulala. Ukapiga hesabu papo hapo:
siku mia sita na tatu, alama tano kila siku,
ukampa hasi elfu tatu na kumi na tano.

Sitana alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Kisha akalia, si sana,
betri ilikuwa asilimia sita.
Akaifuta hasi, tarakimu moja moja, kwa kidole cha shahada,
akalipeleka zoezi kwa Dakta Babikir
ambaye tangu Ramadhani hakuwa na cha kusahihisha.

Jibu lilirudi kabla jua halijaifikia paneli:
Swali la tatu amekosea mwelekeo wa mtiririko.
Arudie lote.
Mwisho Alhamisi.