Bila Kitunguu

Halina, geuza kisu, makali yaje huku.
Usiukate mkate ukatengana:
acha ubavu mmoja umeshikana,
ufunguke kama kitabu,
si kama mlango uliong'oka bawaba.
Hapa Groton watu hula wamesimama, mikono ina grisi,
na hakuna mwenye sahani ya kudakia makombo.

Saa tano na nusu king'ora cha kiwandani kitalia.
Watateremka kilima hiki kwa makundi,
macho mekundu kwa kuchomelea vyuma,
watu wanaounga matumbo ya nyambizi tangu alfajiri
kisha wanakuja kwangu kula nyambizi.
Mzaha huo nimeusikia miaka thelathini na moja.
Cheka kidogo. Wanalipa.

Haya. Wa Kiitalia kwanza, wa baba yangu.
Mafuta ya zeituni, ndipo siki. Ukianza na siki
mkate unalia machozi.
Salami, mortadela, jibini kali,
vyote vyembamba hata ukiinua kipande
ukione kidole chako upande wa pili.
Usivilaze kama shuka iliyopigwa pasi!
Vikunje. Viache vipumue.
Letasi mwisho, nyembamba kama uzi.

Wa madonge ya nyama una adabu yake:
uchome mkate kabla,
la sivyo mchuzi wa nyanya utautoboa njiani
na fulana ya mtu itatangaza alichokula.

Bwana Wojtasik anataka jodari
na pilipili za siki kumi na moja.
Huzihesabu.
Siku moja nilimwekea kumi na mbili, nimwone;
alirudi kupanda kilima chote,
ile ya ziada ameifunga kwenye leso.

Biringanya ni za Ijumaa, za Kwaresima,
na za yule binti wa chumba cha michoro
asiyekula chochote kilichowahi kuwa na macho.
Zikaange jana yake. Biringanya ya leo ina kiburi.

Huu wa mwisho niachie mimi.
Nyama ya ng'ombe ya kuoka, haradali,
vipande viwili vya nyanya, bila kitunguu.
Ni wa Nunzio.

Yuko chini ya maji. Wapi, hawasemi,
hata mama mzazi hasemewi.
Usiku wa kuamkia safari alikaa hapo, juu ya kreti la soda,
akasema, Mama, kule ndani pumzi ni moja, tunapokezana.
Mtu akila kitunguu Jumatatu,
Alhamisi bado sote tunakijua.
Mtoto huyo! Aliyekuwa akivitafuna vibichi
kama matufaha, akiwakimbiza binamu zake kwa mdomo wazi.

Basi kila siku nautengeneza, naufunga kwa karatasi,
naandika N kwa kalamu nene,
nauweka kwenye friji nyuma ya maziwa.
Sijarukwa na akili, usinitazame hivyo.
Haupotei. Ikifika saa nane huwa yupo mmoja
aliyesahau pochi, au anayesema amesahau.
Mkono mtupu haulambwi, sawa,
ila unaweza kushikishwa mkate.

Jana alikuwa kijana mwanagenzi, masikio makubwa,
kovu jipya la cheche chini ya kidevu.
Nusu ya kwanza aliimeza bila kutafuna.
Ya pili akaila taratibu, akifikiri,
kisha akainua uso:
"Shangazi, mtamu. Lakini umesahau kitunguu."

Nilifuta kaunta.
Nikaifuta tena pale pale.
Nikamwambia, kesho.

Kesho ndiyo leo, na nimeufunga vilevile,
bila.
Akija mkatie kitunguu pembeni,
kwenye karatasi yake, mbali na mkate.

Hicho, kimelia. Fungua mlango, wanasukumana.
Aproni yako imekaa kinyume.
Pilipili, Halina: kumi na moja.